Dokta, kiti chako kinakula shilingi ngapi kwa saa? Hesabu na uwekezaji kwa wenye kliniki za meno

Mimi sio daktari, ni mtu wa mahesabu tu, nawatunzia vitabu wenye kliniki za meno kadhaa hapa Dar. Kila nikikaa na dokta mpya nakutana na jambo lile lile: anajua jirani yake anaziba jino kwa bei gani, anajua kiti kipya cha China kimefika shilingi ngapi, anajua mpaka dola imeamkaje leo, ila ukimuuliza kiti chake kwa saa moja kinakula shilingi ngapi anacheka. Sasa hiyo ndo namba ya kwanza kuijua, kabla ya tawi, kabla ya hisa, kabla ya kiwanja cha Kigamboni.

Saa ya kiti

Chukua karatasi, andika kila kitu kinachotoka kwa mwezi hata asipoingia mgonjwa hata mmoja. Nachukua kliniki ya kiti kimoja, namba ni za mfano we weka zako. Pango milioni 1.2. Mishahara ya daktari mnayepokezana naye zamu, nesi, dada wa mapokezi na wa usafi, jumla milioni 2.7. NSSF sehemu ya mwajiri, asilimia 10, laki mbili na sabini. Umeme, maji na mafuta ya jenereta laki tano. Intaneti, simu, ulinzi, taka na vitu vidogo vidogo laki tatu na thelathini. Hapo tuko milioni 5 na madokta wengi wanaishia hapo kuhesabu, anaona milioni 9 imeingia anasema faida milioni 4, anazichukua anaenda kupigia plasta nyumba yake Bunju.

Bado vitu viwili. Cha kwanza mshahara wako mwenyewe, maana ungekuwa umeajiriwa mahali ungelipwa, tuseme milioni 2.5, kwa hiyo hiyo sio faida, huo ni ujira wa mikono yako. Cha pili mashine kuchakaa: kiti, kompresa ya upepo, otoklevu ya kuchemshia vyombo, eksirei, tuseme vyote vimekula milioni 30 na vitakupeleka miaka mitano, hiyo ni laki tano kila mwezi inaondoka iwe unaiona au huioni. Sasa jumla ni milioni 8.

Kliniki iko wazi siku 26 kwa mwezi, saa 8 kwa siku, hizo ni saa 208. Milioni 8 gawanya kwa 208 unapata kama 38,500 na wengi wakiiona hiyo roho inatulia. Usitulie bado, kiti hakina mtu saa zote hizo. Mwambie dada wa mapokezi aandike kwa wiki mbili, kila mgonjwa kakaa kwenye kiti saa ngapi na kashuka saa ngapi. Kliniki nyingi ninazoziona kiti kina mtu kama nusu ya muda tu, yaani saa 104, na hapo saa moja yenye mgonjwa inakula karibu 77,000.

Haya, weka bei zako juu ya hiyo namba. Kuziba jino nusu saa kwa 60,000: kiti 38,500, vifaa tuseme 8,000, umebaki na 13,500, sio mbaya. Kung'oa jino la kawaida dakika 20 kwa 30,000: kiti karibu 25,700, ganzi na glovu na pamba 4,000, umebaki na mia tatu. Mia tatu dokta! Halafu ile kazi kila mtu anajivunia nayo, kutibu mzizi wa jino la nyuma, mgonjwa anakuja mara mbili tatu, jumla saa mbili na nusu, unamchaji 200,000: kiti kimekula 192,500, faili (vile visindano vya kusafishia mzizi) na dawa zake 30,000, umepata hasara ya 22,500 na mgongo unauma juu. Na unakuta hiyo ndo huduma iliyowekwa kwenye bango kwa ofa ya mwisho wa mwezi.

Sisemi uache kutibu mizizi, jino la mtu ni jino la mtu. Nasema una njia mbili tu, upandishe bei au ujaze kiti, na ya pili watu wanaidharau. Kiti kikitoka saa 104 kikafika 140, saa moja inashuka mpaka kama 57,000 na tiba ile ile ya mzizi kwa bei ile ile inaanza kukuachia 27,000. Saa 36 zaidi kwa mwezi ni saa moja na dakika ishirini na kitu kwa siku, yaani wagonjwa wawili watatu.

Kukijaza kiti bila kumwaga hela Instagram

Mimi naanza na muda wa kufungua. Mtu mwenye hela ya kutibu jino Dar yuko kazini mpaka saa 10 au 11, afu kuna foleni. Kliniki ya Tabata au Mbezi inayofunga saa 11 jioni inafunga wakati mteja wake ndo kwanza anatafuta daladala mjini, na asubuhi yote dokta anapiga miayo. Kaa na wafanyakazi mkubaliane, fungua saa 6 mchana funga saa 2 usiku, Jumamosi kutwa. Saa ni zile zile, mishahara ile ile, ila sasa zinaangukia pale watu walipo.

La pili ni wanaopanga miadi hawatokei. Meseji peke yake haisaidii, watu wanapokea meseji za mikopo kutwa nzima hawasomi tena. Apige simu jioni ya siku moja kabla: "Shikamoo mama, napiga kutoka kwa daktari wa meno, kesho saa 6 tunakutegemea, utaweza kufika?" Akisema hataweza mnashukuru mnampa mwingine nafasi. Na kazi zote za maabara, meno bandia, krauni (kofia ya jino), nusu ya hela iingie kabla kipimo hakijatoka hapo kliniki, maana mgonjwa akiingia mitini yale meno humuuzii mtu mwingine, yanakaa kwenye droo yanakuchekea.

La tatu liko kwenye kabati la mafaili. Kuna watu umewafungulia jino ukaweka dawa ya muda ukamwambia arudi baada ya wiki, maumivu yakaisha hakurudi. Watanzania tunajijua, kisichouma hakina haraka. Chukua mafaili ya miezi sita nyuma, watano kwa siku wapigiwe, sio kuwatisha, ni kuwaambia ukweli kwamba ile dawa ni ya muda na jino likipasuka itakuwa kung'oa. Hao hawakugharimu tangazo lolote na walishakuamini tayari, na kusema kweli kuwapigia ni wajibu wako wa kidaktari pia.

Huduma nazo zifuate mahali ulipo. Arusha, Manyara na Kilimanjaro maji yana floraidi nyingi, watu wamekua na meno ya kahawia na kijana akipata kazi ya kwanza anataka kucheka bila kufunika mdomo, kwa hiyo huko kazi za kurudisha rangi zina soko lake. Ukizihamishia mahali ambapo watu wanakuja jino likiwa limeshaoza tu utakaa na vifaa vya bei mbaya vinaisha muda kwenye friji.

Bima

Bima ni nzuri inajaza kiti, ila inalipa kwa kalenda yake. Kazi umeifanya leo, vifaa umenunua keshi, mshahara umelipa tarehe 30, hela yenyewe inakuja baada ya miezi miwili mitatu na imekatwa kwa sababu fomu haina saini au kuna huduma iliyohitaji kibali. Na bei hupangi wewe. Machi 1, 2024 NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, vituo kadhaa binafsi vilisitisha kuhudumia wanachama wake vikilalamika kwamba bei hazifidii gharama. Sasa fikiria kliniki ambayo robo tatu ya wagonjwa wake ni wa kadi moja, wiki hiyo inafanyaje? Kanuni yangu ni kwamba mlipaji mmoja asizidi theluthi ya mapato. Na kila mwezi weka daftari la madai: tumedai kiasi gani, tumelipwa kiasi gani, yamekatwa mangapi na kwa nini. Makato yakijirudia kwa sababu ile ile tatizo liko mezani kwako, mwelekeze anayejaza fomu.

Vichupa vya ganzi

Hapa nikiingia kliniki mpya ndo ninapoangalia kwanza, hata kabla ya taarifa ya benki. Ganzi ya meno kwa kawaida inakuja kwenye boksi la vichupa 50. Kuziba kwingi, kila kung'oa, kila mzizi kuna kichupa kimetumika, wakati mwingine viwili. Kwa hiyo hesabu maboksi yaliyoisha mwezi huu, linganisha na kazi zilizoandikwa kwenye daftari na risiti zilizotoka. Vimeisha vichupa 200 na kazi za ganzi zilizoandikwa ni 110? Ama kuna mtu anapiga ganzi kwa fujo ama kuna wagonjwa wanatibiwa dokta akiwa hayupo na hela inaishia mfukoni. Usianze kumfokea mtu, angalia miezi mitatu kwanza, angalia na siku gani, mara nyingi inajipanga yenyewe kwenye siku ambazo bosi ana safari.

Dawa yake sio kamera peke yake. Malipo yaende Lipa Namba ya kliniki, sio simu ya mtu, risiti ya EFD, ile mashine ya TRA, itoke kila mara, na anayepokea hela asiwe ndo anayetunza stoo ya vifaa. Kitu kidogo hicho cha mwisho, ila kinazuia mengi.

Mashine zinakufa kwa uzembe, mfukoni unalipa wewe

Hii sio kazi yangu ila naiona kwenye risiti za fundi. Hendpisi, ile ya kutobolea na kusagia jino, isipopakwa mafuta kabla ya kuingia kwenye otoklevu beringi zinakufa mapema, dokta ananunua mpya anasema "vitu vya siku hizi feki". Tangi la kompresa lisipomwagwa maji kila jioni kutu inaanzia ndani. Otoklevu ikinyweshwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, inajenga magadi ndani mpaka inakataa kupanda joto. Bandika karatasi ukutani yenye hivyo vitu na sehemu ya nesi kuweka saini kila siku, na nunua stebilaiza ya maana kabla umeme wa kurudi kwa kishindo haujaunguza bodi ya kiti.

Zile laki tano za uchakavu zitoke kweli kila mwezi ziende akaunti nyingine. Zikibaki kwenye akaunti ile ile zitaliwa, hamna mjadala.

TRA na mwenye nyumba

Nitapita haraka maana kila mtu ana mshauri wake. PAYE, ile kodi ya mishahara, mwisho tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kodi ya makadirio ni mara nne kwa mwaka, kwa hiyo kila wiki tenga kidogo usije ukashtuka Machi. Huduma za matibabu hazitozwi VAT, maana yake pia ile VAT unayolipa kwenye manunuzi huirudishiwi, iingize kwenye gharama. Eksirei inataka leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na OSHA (wale wa usalama kazini) na Baraza la Madaktari nao wana yao, weka tarehe zote za kuisha kwenye kalenda moja.

Kinachowaumiza watu ni pango. Sheria inataka wewe mpangaji ukate asilimia 10 ya pango uipeleke TRA, mwenye nyumba anasema mimi nataka milioni 1.2 yangu kamili hayo mengine sijui. Ukikubali kienyeji hivyo, pango lako halisi ni 1,333,000 na hukulijua. Jadiliana kabla ya kusaini, na andika kwenye mkataba nani anabeba kodi, na kwamba mkataba ukiisha vifaa ulivyofunga ni vyako, mabomba ya kiti na yale madini ya risasi ya kuzuia mionzi kwenye ukuta wa eksirei sio hela ndogo.

Mkopo, kiti cha pili, tawi

Ukienda kukopa milioni 30 kwa miaka mitatu usiulize riba asilimia ngapi peke yake, uliza inapigwa juu ya nini. Asilimia 18 inayopigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, utalipa riba milioni 16.2. Asilimia 18 hiyo hiyo inayopigwa juu ya salio linalobaki, utalipa kama milioni 9. Tofauti ni milioni 7 na zaidi na asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi ni moja. Mwambie afisa mikopo akuchapie ratiba yote ya marejesho, mwezi kwa mwezi, ujumlishe mwenyewe.

Sasa ukopee nini? Kama kiti cha kwanza hakijafika asilimia 70 ya saa zake, usikopee kitu, rudi juu ukakijaze. Kikishajaa, mimi ni mtu wa kiti cha pili kwenye jengo lile lile kabla ya tawi, na hapa huwa tunabishana sana na madokta maana tawi lina sifa, lina uzinduzi na keki. Kiti cha pili kinatumia pango lile lile, mapokezi yale yale, otoklevu ile ile, kompresa ikiwa na nguvu ya kutosha hata hiyo. Tawi linaanza gharama upya kutoka sifuri na wewe uko mmoja, siku uko Mbezi ni siku Tabata inajiendesha, na vichupa vya ganzi tumeshaviongelea.

Hela ikishatoka kliniki

Kwa nini uwekeze nje kabisa, usirudishe yote kwenye meno? Kwa sababu kliniki yako inategemea shingo na mgongo wako. Ukivunjika kidole cha shahada miezi mitatu mapato yanasimama na pango halisimami. Kwa hiyo hela ya nje iwe kitu kisichohitaji uiname.

Mpangilio ninaowapa ni huu. Kwanza gharama za miezi mitatu, kwa mfano wetu milioni 15 za vile vitu vya lazima, zikae mahali zinapotoka ndani ya siku chache. Vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, vinafaa hapo, hazikai bure na hazijafungwa. Mfuko wa mashine nao unaweza kukaa huko huko ila akaunti tofauti. Baada ya hapo malizia mkopo wenye riba kubwa, maana hakuna uwekezaji halali unaokuhakikishia asilimia 18. Anayekuahidi asilimia 10 kwa mwezi, kumbuka upatu wa DECI uliokufa na hela za watu 2009, na waliolizwa hawakuwa wajinga, wengine walikuwa na digrii zao.

Ndipo hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba. Unaanzia milioni moja, riba inalipwa kila miezi sita. Mwaka 2021 Benki Kuu ilipoanza kuuza ya miaka 25 riba yake ilikuwa 15.95%, mwaka 2022 za kutoka mpya zikashushwa mpaka 12.56%. Aliyenunua zile za kwanza anaendelea na 15.95 yake mpaka 2046, kwa hiyo usisubiri "riba nzuri", nunua kidogo kidogo kila mwaka, nyingine utazipata juu nyingine chini. Chukulia 12%: milioni 20 inakupa milioni 1.2 kila nusu mwaka, pango la mwezi mmoja. Ukifika milioni 120, pango la mwaka mzima analipa serikali. Hiyo ndo shabaha ninayowawekea watu, kulipa pango, kwa sababu ni kitu unachokiona, sio "uhuru wa kifedha" wa kwenye status za WhatsApp.

Hisa za DSE, yaani Soko la Hisa la Dar, sawa, NMB na CRDB zimekuwa zikilipa gawio na kodi ya gawio kwa kampuni zilizoorodheshwa ni 5%, ila bei inapanda inashuka, weka hela ambayo hutaigusa miaka mitano. Kiwanja pia sawa, chenye hati na baada ya kwenda ardhi kukihakiki, sio karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Tatizo la kiwanja ni kwamba siku kiti kinaungua bodi huwezi kuuza kona ya kiwanja.

Kuanza hatifungani unafungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani zako, kupitia benki yako au dalali wa DSE, kwa kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki, halafu unafuata ratiba ya minada kwenye tovuti ya Benki Kuu (BoT). Weka jina la kampuni kama kliniki ni kampuni na hela ni ya kliniki, jina lako kama ni mshahara wako, usichanganye. Na usikimbilie kuiuza ukikwama hela: hatifungani benki zinaipokea kama dhamana, kwa hiyo mkopo ujao wa kiti cha pili unaweza kuuchukua kwa hiyo karatasi badala ya kupeleka hati ya nyumba ambayo mama watoto hajakubali kuisaini.